Jinsi ya kuunda modeli ya damu inayopita kwenye ateri iliyobanwa: kalamu kwanza, kompyuta baadaye

Mtu akisikia kwamba ateri imebanwa na mafuta, picha inayomjia ni ya bomba lililojaa kutu: nafasi imepungua, damu inasugua kuta, ndiyo maana presha inashuka. Nami nilianza na picha hiyo hiyo. Nikaichukua kanuni ya Poiseuille, ile ya msuguano wa kimiminika ndani ya bomba, nikaitia kwenye lahajedwali, nikapata jibu safi lenye desimali nne. Jibu hilo halikufikia hata sehemu moja ya kumi ya jibu sahihi.

Msuguano upo, ila si huo unaokula presha nyingi. Sehemu kubwa ya hasara hutokea baada ya damu kuuvuka mbano, pale inapotoka kwa kasi na kuingia sehemu pana bila mpangilio. Mwongozo huu unajenga modeli kwa namna itakayokuonyesha jambo hilo kwa namba. Unahitaji aljebra, kalkulasi kidogo na lahajedwali yoyote. Kompyuta yenye nguvu inakuja mwishoni, na huenda usiihitaji kabisa.

Tutatembea na mfano mmoja tangu mwanzo: ateri ya shingoni, yaani karotidi, yenye nusukipenyo cha milimita 3, inayopitisha mililita 6 za damu kila sekunde, na ndani yake kuna mbano wenye urefu wa milimita 20. Ni mfano wa kujifunzia. Usimwambie mtu afanyiwe upasuaji au asifanyiwe kwa sababu ya lahajedwali yako.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya mlinganyo

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya. Presha inashuka kiasi gani kwenye mbano? Damu inayofika mbele inapungua kiasi gani? Na ukuta wa mshipa unasuguliwa kwa nguvu gani, sehemu ipi?

La kwanza linajibika kwa kalamu. La pili halijibiki ukiitazama ateri peke yake, kwa sababu mwili ulio mbele yake nao una la kusema. La tatu ndilo linalodai kompyuta, maana jibu lake linategemea umbo la mbano hadi kona ndogo kabisa. Chagua swali lako, liandike juu ya karatasi, na kila unapotaka kuongeza ugumu kwenye modeli ulisome tena. Nimeona modeli zenye sumaku, joto, dawa na ukuta wenye vinyweleo ndani ya mlinganyo mmoja, na mwishowe hakuna anayekumbuka zilikuwa zinatafuta nini.

Hatua ya 2: Chora mbano, na uwe makini na neno «asilimia»

Umbo rahisi linalofaa kuanzia ni la kosaini. D. F. Young alilitumia mwaka 1968, na wengi wamemfuata:

R(z) = R0 − (δ/2)·[1 + cos(2πz/L)]

Hapa z inaanzia −L/2 hadi L/2, R0 ni nusukipenyo cha sehemu nzima, L ni urefu wa mbano, na δ ni kimo cha uvimbe unaochungulia ndani ya njia ya damu. Katikati, z ikiwa 0, nusukipenyo kinakuwa R0 − δ. Hapo nitapaita kiuno cha mbano. Kwenye ncha zote mbili kinarudi kuwa R0, tena bila kona kali, jambo linalorahisisha hesabu.

Mafuta halisi hayakai kwa adabu namna hiyo. Mara nyingi yanakaa upande mmoja, yana mikunjo, na pengine yana chokaa. Hata hivyo anza na kosaini. Usipoielewa hasara ya presha kwenye umbo lililonyooka, umbo la picha halisi litakupa rangi nzuri tu kwenye skrini.

Sasa mtego. Mbano wa asilimia 50 ni wa nini, wa kipenyo au wa eneo? Kipenyo kikipungua kwa nusu, eneo linabaki robo, yaani limepungua kwa asilimia 75. Kipenyo kikipungua kwa asilimia 70, eneo limepotea kwa asilimia 91. Nilipoteza wiki nzima nikilinganisha matokeo yangu na ya makala fulani, namba zikikataa katakata kukutana, kumbe wenzangu walikuwa wanahesabu eneo na mimi kipenyo. Katika mwongozo huu asilimia zote ni za kipenyo. Tutakuwa na kesi mbili: 50 (δ = milimita 1.5) na 70 (δ = milimita 2.1).

Hatua ya 3: Amua damu yako ni kimiminika cha aina gani

Chaguo jepesi ni kuichukulia damu kama maji mazito: densiti ya kilo 1060 kwa mita ya ujazo na mnato, yaani uzito wake wa kutiririka, wa 0.0035 Pa·s, takriban mara tano ya mnato wa maji kwenye joto la mwili. Mnato huo haubadiliki hata damu ikienda kasi au polepole.

Damu halisi inabadilika. Seli nyekundu huchukua kama asilimia 40 hadi 45 ya ujazo wake, na damu ikienda polepole zinashikana kama sarafu zilizopangwa, mnato unapanda. Ikienda kasi zinaachana, mnato unashuka. Modeli inayopendwa sana kwa tabia hiyo ni ya Casson ya mwaka 1959, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya wino wa kuchapia:

√τ = √τy + √(μ·γ)

τ ni mkazo wa msuguano, μ ni mnato, γ ni kasi ambayo tabaka moja la damu linateleza juu ya jingine, na τy ni mkazo mdogo kabisa unaohitajika ili damu ianze kusogea. Kwa damu ya kawaida τy ni takriban 0.004 Pa (paskali).

Je, tunaihitaji? Usibishane, pima. Katika ateri yetu, pale penye uzima, mkazo ukutani ni 4μQ/(πR³), Q ikiwa damu inayopita kila sekunde. Weka namba: inatoka 0.99 Pa, tuseme 1 Pa. Mkazo unapungua kwa mstari mnyoofu kutoka ukutani hadi sifuri katikati. Basi sehemu ya katikati ambayo mkazo wake haufiki 0.004 Pa, ile inayosafiri kama kipande kigumu kisichoteleza ndani kwa ndani, ina nusukipenyo cha 0.004 × milimita 3, yaani milimita 0.012. Upana wake wote ni milimita 0.024. Seli moja nyekundu ina upana wa kama milimita 0.008. Kwa hiyo ule «mtiririko wa kipande kigumu» unaopamba michoro ya makala nyingi, katika ateri hii una upana wa seli tatu zilizokaa bega kwa bega.

Kwa ateri kubwa, basi, maji mazito yanatosha kwa swali la presha. Casson irudi mezani kwenye mambo mawili: ukishuka kwenye mishipa midogo, na ukitaka kujua kinachotokea kwenye kidimbwi cha damu iliyozubaa baada ya mbano. Ukishuka zaidi, chini ya kipenyo cha milimita 0.3, kuna jambo la ajabu zaidi, nalo waliligundua Fåhræus na Lindqvist mwaka 1931: mnato wa damu unaonekana kupungua kadiri mrija unavyozidi kuwa mwembamba, kwa sababu seli hukimbilia katikati na kuacha plazma laini ukutani. Ukifika huko, modeli hii iache nyumbani.

Hatua ya 4: Piga namba mbili kabla ya kugusa mlinganyo mkubwa

Milinganyo ya Navier na Stokes, ile mikubwa ya mwendo wa vimiminika, imekuwapo tangu karne ya 19, na kishawishi cha kuirukia moja kwa moja ni kikubwa. Subiri. Namba mbili zisizo na kipimo zitakuambia nini cha kutupa.

Ya kwanza ni namba ya Reynolds, Re = ρVD/μ (ρ ni densiti, V ni kasi, D ni kipenyo), inayolinganisha nguvu ya mwendo na nguvu ya mnato. Kasi ya wastani ni Q kugawa eneo: mita 0.212 kwa sekunde. Re inatoka 385. Kwenye kiuno inapanda kwa uwiano wa vipenyo: 770 kwa mbano wa 50, na 1285 kwa mbano wa 70.

Vitabu vinasema msukosuko huanza Re ikipita 2000 hivi, na wanafunzi wengi hapa hufunga daftari wakisema mtiririko ni tulivu. Ile 2000 ni ya bomba refu lililonyooka. Damu inayotoka kwenye kiuno kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole inavurugika mapema zaidi, Re ikiwa mia kadhaa tu ndani ya ateri yenyewe. Mlio ambao daktari huusikia akiweka kifaa chake shingoni mwa mgonjwa ni vurugu hiyo.

Re inakuambia jambo la pili pia. Mtiririko unaoingia kwenye mrija unahitaji umbali wa takriban 0.06 × Re × D ndipo ujipange kuwa na umbo zuri la parabola. Kwetu ni kama sentimita 14. Ateri haina sentimita 14 zilizonyooka kabla ya kukutana na kona, tawi au mbano. Kwa maneno mengine, ile parabola inayodhaniwa na kanuni ya Poiseuille haijawahi kupata muda wa kuzaliwa.

Namba ya pili ni ya Womersley, ya mwaka 1955: α = R·√(ωρ/μ), ambapo ω inatokana na mapigo ya moyo. Kwa mapigo 72 kwa dakika, ω ni 7.54, na α inakuwa 4.5. Ingekuwa chini ya 1, damu ingetii presha papo hapo na tungeweza kusahau mapigo. Kwa 4.5 damu inachelewa kidogo kutii. Tutalikumbuka hilo kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 5: Hesabu msuguano

Poiseuille alikuwa daktari Mfaransa aliyevutiwa na damu, lakini majaribio yake maarufu ya miaka ya 1840 aliyafanya kwa maji kwenye mirija myembamba ya kioo. Kwa bomba lililonyooka, kanuni yake ni:

ΔP = 8μQL/(πR⁴)

Ateri yetu ingekuwa nzima, urefu wa milimita 20 ungepoteza paskali 13.2, sawa na 0.1 mmHg. Si kitu. (Ukitaka kuhama kati ya vipimo, 1 mmHg, yaani milimita moja ya zebaki, ni paskali 133.3. Fanya hesabu zote kwa mita, kilo na sekunde, kisha ubadilishe mwishoni. Kuchanganya sentimita na mita ndani ya R⁴ ni kosa la mara milioni mia moja, na lahajedwali haina aibu ya kukuonyesha.)

Palipobanwa, R inabadilika, kwa hiyo unakata mbano vipande vyembamba na kujumlisha. Tufanye kwa kesi ya 50, vipande vinane vya milimita 2.5 kila kimoja. Nusukipenyo mwanzoni mwa kila kipande, kwa milimita:

3.00, 2.78, 2.25, 1.72, 1.50, 1.72, 2.25, 2.78

Kwa kila kimoja tafuta (R0/R)⁴, yaani msuguano wa hapo ni mara ngapi ya ule wa ateri nzima:

1, 1.36, 3.16, 9.26, 16, 9.26, 3.16, 1.36

Jumlisha: 44.56. Gawa kwa nane: 5.57. Ukipenda kufanya intigrali yenyewe kwa mkono utapata 5.57 ile ile. Umbo la kosaini linaisamehe njia hii ya vipande kuliko kawaida.

Hivyo msuguano wa mbano wote ni mara 5.57 ya paskali 13.2, yaani paskali 73.5, sawa na 0.55 mmHg. Angalia kwamba si mara 16. Kosa la kuchukua kiuno na kukizidisha kwa urefu wote ni la kawaida mno. Kwa kesi ya 70 wastani unakuwa 26.6, na msuguano unapoteza 2.6 mmHg.

Tulia hapo utazame. Ateri imepoteza asilimia 91 ya eneo lake, na msuguano umekula 2.6 tu kati ya presha inayozunguka 93. Kama ningeamini hesabu hii, ningesema mbano huo hauna madhara. Tasnifu nyingi huishia hapa, zikibadilisha Casson kwa modeli nyingine ya mnato iitwayo Herschel-Bulkley na kuchora mikunjo upya, bila kujiuliza kama kinachohesabiwa ndicho kinachoumiza.

Hatua ya 6: Ongeza hasara ya baada ya kiuno

Damu ikikaribia kiuno lazima iongeze kasi, maana mililita 6 zinazoingia lazima zitoke. Kwenye mbano wa 50 kasi inakuwa mara nne, mita 0.85 kwa sekunde. Kwenye mbano wa 70 inakuwa mara 11.1, mita 2.36 kwa sekunde. Kasi hiyo inanunuliwa kwa presha.

Kama damu ingepanuka taratibu baada ya kiuno na kuufuata ukuta, ingerudisha kasi na kulipwa presha yake karibu yote. Haifuati. Inatoka kama mshale katikati ya mshipa, na pembeni yake damu nyingine inazunguka mahali pamoja, nyingine ikirudi nyuma. Mshale unavunjika kwenye vizingia hivyo, na nguvu yake inaishia kuwa joto. Hapo ndipo presha inapopotelea.

Young na Tsai walipima hasara hiyo na mwaka 1973 wakaiweka hivi:

ΔP = (Kt/2)·ρ·(A0/A1 − 1)²·V²

A0 ni eneo la ateri nzima, A1 ni eneo la kiuno, V ni kasi kwenye sehemu nzima, na Kt ni takriban 1.52. Mlinganyo wao kamili una pia kipande cha mnato, ambacho sisi tumekikadiria kwa hatua ya 5, na kipande cha mapigo.

Kwa mbano wa 50: A0/A1 ni 4, toa 1 ni 3, kipeo cha pili ni 9. Jibu ni paskali 326, sawa na 2.45 mmHg. Ukijumlisha na msuguano, 3.0 mmHg.

Kwa mbano wa 70: A0/A1 ni 11.1, toa 1 ni 10.1, kipeo cha pili ni 102. Jibu ni paskali 3708, sawa na 27.8 mmHg. Ukijumlisha na msuguano, 30.4.

Sasa linganisha 2.6 na 27.8. Bomba lenye kutu lilikuwa linatuonyesha kisehemu kidogo tu cha habari.

Kuna njia ya haraka ya kujihakiki. Wapimaji wa mawimbi ya sauti hutumia kanuni fupi: ΔP kwa mmHg ni 4 mara kasi ya kiuno kwa kipeo cha pili. Hiyo 4 haikutoka hewani. Ni nusu ya densiti, 530, kugawa kwa 133.3, inakuja 3.98. Kwa mbano wetu wa kwanza inatoa 2.9, kwa wa pili inatoa 22. Haihesabu msuguano wala haijui damu itarejesha presha kiasi gani mbele, kwa hiyo usitegemee ilingane kabisa. Lakini kama lahajedwali yako ingesema 220, au 0.2, ungejua umekosea, na wapi pa kutafuta.

Hatua ya 7: Unganisha ateri na mwili

Tumeshikilia mililita 6 kama kwamba damu imelazimishwa kupita. Kwa kweli moyo unatoa presha, na damu inayopita ndiyo jibu. Mbele ya mbano, yaani damu inakoelekea, kuna vijiateri na kapilari ambazo zina ukinzani wao.

Chukua presha ya wastani ya 93 mmHg, na kwa urahisi uiweke presha ya vena kuwa sifuri. Ateri ikiwa nzima, ukinzani wa mbele ni 93/6 = 15.5. Mbano wa 70 ukiingia, mlinganyo unakuwa:

93 = 0.772·Q² + 0.44·Q + 15.5·Q

Namba ya kwanza ni 27.8 kugawa 36, ya pili ni 2.64 kugawa 6. Tatua kwa kanuni ya kwadratiki: Q ni mililita 4.7 kwa sekunde. Damu imepungua kwa moja ya tano hivi, na hasara kwenye mbano imeshuka hadi 19.5 mmHg, kwa sababu damu inayopita ni kidogo. Kwa mbano wa 50, Q ni 5.8. Mgonjwa hahisi chochote.

Hata wa 70 huenda asihisi. Vijiateri vina misuli, na vikinusa upungufu vinapanuka. Vikishusha ukinzani kutoka 15.5 hadi 10.4, mililita 6 zinarudi kamili. Lakini ile akiba ya kupanuka imeshatumika, na siku mwili unapohitaji zaidi hakuna cha kutoa. K. Lance Gould alilionyesha jambo hili kwenye mishipa ya moyo mwaka 1974: mwili ukiwa umepumzika damu haipungui mpaka kipenyo kibanwe kwa kama asilimia 85, ila uwezo wa kuongeza damu huanza kushuka tangu asilimia 30 hadi 45. Ndiyo sababu kwenye moyo madaktari hupitisha waya wenye kipima presha, wakavipanua vijiateri kwa dawa, kisha wakagawanya presha ya baada ya mbano kwa ile ya kabla yake, upande wa moyo. Jibu likiwa 0.80 au chini, mbano unahesabiwa kuwa unanyima misuli damu.

Kama modeli yako ina mbano lakini haina ukinzani wa mbele, swali la «damu imepungua kiasi gani» usilijibu.

Hatua ya 8: Leta mapigo, kwa kipimo

Kwa kuwa hasara kubwa inafuata Q², wastani wa damu haukupi wastani wa hasara. Chukua mfano mbaya lakini wenye kufundisha: theluthi moja ya pigo damu inapita kwa mililita 12, na theluthi mbili inapita kwa 3. Wastani bado ni 6. Ila wastani wa Q² ni 54, si 36. Hasara halisi ni mara moja na nusu ya ile tuliyoipiga kwa wastani. Kabla ya kufikiria mlinganyo wa Womersley na vipeo vyake tata, rekebisha hili kwanza. Safu moja ya lahajedwali inatosha.

Ukuta unaotanuka na kusinyaa? Palipojaa chokaa ukuta ni mgumu, na kuuchukulia kama bomba gumu si dhambi kubwa. Ukitaka kufuatilia wimbi la pigo kwenye mti mzima wa ateri, hapo ndipo unyumbufu unapokuwa wa lazima.

Hatua ya 9: Sasa kompyuta, kama swali lako ni la ukuta

Mkazo ukutani ndio unaoamua chembe za ukuta zitaishi vipi. Mkazo wa zaidi ya 1.5 Pa huulinda ukuta, na pale unaposhuka chini ya 0.4 Pa, hasa ukiwa unayumba huku na huku, ndipo mafuta hupenda kujijenga. Kanuni ya 4μQ/(πR³) inasema kiuno cha 50 kina karibu 8 Pa na cha 70 kina 37 Pa. Kwa kweli ni zaidi, kwa sababu damu inayoingia kiunoni haina parabola. Baada yake, kwenye kile kidimbwi kinachozunguka, kanuni haisemi lolote la maana. Hapo unahitaji kutatua Navier-Stokes kwa vipande vya anga, na programu huria kama OpenFOAM na SimVascular zipo.

Nina ushauri mchache, wote nimeununua kwa muda wangu. Anza na bomba lililonyooka lisilo na ugonjwa, ulinganishe na Poiseuille. Programu ikishindwa hapo, usiendelee. Kisha mapigo kwenye bomba hilo hilo, ulinganishe na jibu la Womersley. Ndipo ulete mbano. Ongeza wingi wa vipande mara mbili na utazame mkazo wa ukutani, usitazame presha, kwani presha hutulia mapema na kukudanganya kwamba kazi imeisha. Na usiuweke mlango wa kutokea karibu na mbano. Mshale wa damu ni mrefu. Ukiukata kabla haujavunjika, mlango utaanza kuvuta damu kurudi ndani na hesabu italipuka. Mimi huacha vipenyo 20 baada ya kiuno, na hata hivyo nimewahi kuongeza.

Hatua ya 10: Tikisa namba uone kinachoanguka

Rudi kwenye mbano wa 70. Kiuno kina nusukipenyo cha milimita 0.9. Hiyo 0.9 ilitoka kwenye picha, na kisanduku kimoja cha picha ya CT kina upana wa takriban nusu milimita. Tuseme umekosea kwa milimita 0.1 tu, ambayo ni ukarimu mkubwa. Shikilia Q ile ile 6 na urudie hatua ya 6. Nusukipenyo kikiwa 1.0, hasara ya baada ya kiuno ni 17.4 mmHg. Kikiwa 0.8, ni 46.4.

Fanya jaribio hilo hilo kwa mnato: upandishe kwa asilimia 20, na jumla ya 30.4 inasogea kwa nusu mmHg tu. Basi ukiwa na saa moja ya ziada, usiitumie kuchagua kati ya modeli za mnato za Casson na Carreau. Itumie kukipima upya kiuno, na unapoandika matokeo usiandike 27.8. Andika «kati ya 17 na 46», na pembeni uandike picha ilikuwa na visanduku vya ukubwa gani.